Bado Hajatulia

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Wodi ya Nne ya wagonjwa wa akili, muuguzi wetu Mama Fundo anastaafu Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu. Mimi, niliyekaa naye meza moja kwa miaka kumi na tisa, nimepewa kazi ya kuandika habari zake, kwa masharti yake mwenyewe: nisimsifu kupita kiasi, na kisa cha mlango nikieleze chote. Nimekubali la pili.

Jina hilo hakulipata kwenye ususi. Alipoanza kazi, mgonjwa aliyechachamaa alifungwa mikono kitandani kwa shuka, na hakuna aliyefunga kama yeye. Fundo lake halikubana damu, wala halikufunguka mpaka alifungue mwenyewe. Wauguzi wapya walijifunzia kwake. Aliyezidi alipelekwa chumba cha mwisho kwenye korido, tulichokiita Chumba cha Utulivu: godoro, taa na mlango wa chuma. Sheria yetu ilikuwa fupi. Anayegonga bado hajatulia. Akinyamaza ametulia, mfungulie. Mama Fundo aliiamini kwa moyo wote, na mimi pia. Tulidhani tunatibu.

Sasa kisa. Miaka kumi na miwili iliyopita, asubuhi, aliingia humo kukagua godoro jipya. Nikapita, nikaona mlango uko wazi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nikaufunga kwa ufunguo bila kuchungulia ndani. Punde nikasikia vishindo, na sauti isiyotambulika nyuma ya chuma. Nilidhani ni fundi cherehani, mgonjwa wetu aliyekuwa akiingizwa mle karibu kila juma, basi nikachukua daftari na kuandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Saa 4:10. Anagonga. Bado hajatulia." Kisha: "Saa 4:30. Anatukana. Bado hajatulia." Ilipokaribia saa tano kukawa kimya. Nikaandika "Ametulia," nikafungua, nikakutana uso kwa uso na bosi wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakunigombeza. Aliomba daftari, akalikata neno langu la mwisho, akaandika juu yake: "Sikutulia. Nilichoka kugonga." Halafu akaketi pale pale kwenye korido, akalia. Nami nikalia.

Juma lililofuata fundi cherehani alichachamaa, akavunja kiti. Wahudumu walishaufungua ule mlango, wanamsubiri. Mama Fundo akawaambia warudi nyuma. Wakanung'unika kwamba mama amelegea, tutapasuliwa vichwa. Mganga mkuu akamwonya kuwa mtu akiumia, kazi yake imeishia hapo, na wakati huo Mama Fundo alikuwa na watoto watatu shuleni. Akaketi sakafuni, hatua chache kutoka kwa mgonjwa, akamwuliza anaogopa nini. Akarushiwa kiatu, kikampata begani. Akakirudisha kwa adabu zote. Ilipita saa nzima na ushei ndipo fundi akajibu. Alichokuwa akiogopa ni ule mlango.

Wodi haikubadilika kwa siku moja. Mganga mkuu alihitaji miaka miwili kushawishika, na mimi, nakiri, miezi mitano. Hata leo zipo siku tunalazimika kumshika mtu, ila kwa dakika chache, mmoja wetu akiongea naye muda wote, na daftarini tunaandika alichosema yeye. Mlango wa chuma uling'olewa. Chumba kile sasa kina vyerehani vinne, na fundi wetu, aliyepona akarudi kwenye kibanda chake, huja kila Jumatano kufundisha. Ndiye aliyeshona gauni atakalovaa Mama Fundo siku ya kumuaga, na amegoma kabisa kuliwekea kamba kiunoni.

Mama, ahsante kwa kazi yako, kwa utani wako, na kwa kutonifukuza siku ile. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na asubuhi zisizo na zamu. Ukitukumbuka, njoo ugonge. Nitafungua kabla hujachoka.