Keziah Nyawira Kang'ethe, Aliyefukua Chemchemi ya Almadal

Mama yetu, Keziah Nyawira Kang'ethe, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953 huko Kiganjo, Nyeri, kifungua mimba wa marehemu Mzee Wachira na Mama Gathoni.

Alihitimu ualimu mwaka 1974, akafundisha jiografia Karatina. Mwanafunzi akisema mto unatoka "huko juu," Mama alimkatiza: "Huko juu wapi? Mto una kwao."

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Daniel Kang'ethe. Daniel alipoajiriwa na chuo kikuu hapa Johannesburg mwaka 1997, familia ilikaa mtaa wa Observatory, kisha ikahamia Almadal, kusini mwa jiji. Hapa ndipo Mama alipobatizwa katika kanisa la Wamormoni, mwaka 2003.

Kwa wengi wetu, Almadal ni mahali pa kulala: alfajiri magari yanaelekea mjini, jioni yanarudi. Mama alitaka kujua zaidi. Mzee Wessel, mjukuu wa waasisi wa mtaa huu, alimsimulia jinsi familia chache za Wamormoni zilivyokuja miaka ya 1920, zikachimba mfereji kutoka chemchemi moja, zikapanda mipichi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Barabara kuu ilipofika, watoto wao waliuza mashamba, yakawa viwanja vya nyumba.

Mwaka 2023 mabomba yalikauka zaidi ya wiki. Benita, jirani yetu kutoka Lubumbashi, alikuja na ndoo tupu.

"Mama Fiona, tutafanyaje?"

"Maji yapo. Yamefunikwa tu."

Alimpeleka nyuma ya kanisa, chemchemi ile ya waasisi ilikofukiwa ili magari yaegeshwe. Askofu alisita kuruhusu pachimbwe.

"Askofu, magari yatalala barabarani. Watoto hawawezi kulala na kiu."

Majirani walichimba kutwa, Mzee Wessel akielekeza kutoka kitini. Maji yalitoka, matope kwanza, kisha safi. Mzee Wessel alilia. Mama alisema tu, "Foleni, jamani! Na mchemshe kabla ya kunywa."

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya kongosho. Hakulalamika, alimuuliza daktari maswali mpaka daktari akavuta kiti. Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2025, Baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Fiona na Chege, na wajukuu wanne waliomwelewa vizuri alipowasemesha Kiswahili, ingawa walimjibu kwa Kizulu. Leo anazikwa kwenye makaburi ya waasisi. Mzee Wessel amempa nafasi aliyojiwekea mwenyewe, kando ya babu yake.

Mungu ampokee, ampumzishe.