Wilmar Ni Nani Wako?

PETANG: Haloo? Nani mwenzangu?

NINING: Mimi Nining, mama mdogo. Nimekuta umenibipu weee! Nilikuwa zamu, simu zetu wanatufungia kabatini.

PETANG: Ah, Nining. Umekula?

NINING: Nimekula. Mama mdogo, nimesikia ya Wilmar. Pole. Pole sana jamani.

PETANG: Ee.

NINING: Moto melini, na mtu mwenyewe alikuwa karibu kuru—

PETANG: Nimeshapoa. Sikiliza. Wewe kutwa unaongea na Wazungu kwenye simu huko Cebu. Nifundishe neno moja la Kiingereza.

NINING: Neno? Leo?

PETANG: Leo. Ile ofisi ya meli aliyofanyia kazi, ya Singapuri, nataka nirudi kuwapigia. Yule dada aliniuliza "rileshen". Nikamjibu, maza.

NINING: Maza! Mama mdogo, si wewe uliyemzaa.

PETANG: Ananiita nani siku zote? Ananiita Nanay, mama. Nikikohoa anaamka kunichemshia tangawizi. Ulitaka niseme mimi jirani?

NINING: Akasemaje?

PETANG: Akasema mama yake wameshaongea naye, yuko Surigao, na jina lake si langu. Akaniona tapeli. Akakata.

NINING: Dah.

PETANG: Sasa neno lenyewe lipi?

NINING: Rileshen ni uhusiano. Anakuuliza huyu ni nani wako. Useme... maza-in-lo.

PETANG: Hilo la mkiani ni nini?

NINING: Sheria. Yaani mama kwa sheria.

PETANG: Sheria gani?

NINING: Ya ndoa. Alimwoa mwanao.

PETANG: Na wakiniuliza Marilou yuko wapi?

(mtandao unakwaruza)

PETANG: Nining? Umepotea?

NINING: Nipo. Ndiyo hapo sasa. Ukisema alifariki, watakwambia basi.

PETANG: Kumbe kwao mtu akifa na ukwe unazikwa.

NINING: Siyo lugha, mama mdogo, ni watu wa ofisi. Hata mimi... Mtu akipiga namuuliza hivyohivyo, rileshen? Mke, mzazi, mtoto, nabonyeza. Akianza kunieleza kingine nabonyeza "wengineo", namwambia samahani, siwezi kukuambia kitu.

PETANG: Umeshawaambia watu kama mimi?

NINING: Wengi tu.

PETANG: Haya.

NINING: Mama mdogo, hivi unataka wakwambie nini? Alikwishafariki.

PETANG: Najua amefariki. Nataka wamlete hapa Siaton. Wasimpeleke Surigao. Lile kaburi la Marilou alijenga mwenyewe, la ghorofa, nafasi mbili. Kila Novemba, siku ya wafu, anakwenda na ndoo ya chokaa. Ya juu ni yake. Leo nimeenda, nikatoa majani.

NINING: Umelia lakini?

PETANG: Sijalia. Nimefagia. Nikapika wali na samaki mkavu, nikampakulia sahani yake. Nikala zote mbili. Umeshakalia mguu mpaka ukafa ganzi? Mimi ni mwili mzima, Nining. Hata nikijifinya.

NINING: Ngoja nikwambie ukweli, usinune. Ofisi haitakusikiliza hata ukimwaga Kiingereza cha redioni. Mwenye kauli ni yule mama yake. Balaye wako.

PETANG: Yule!

NINING: Huyohuyo. Mpigie.

PETANG: Hatujasemezana tangu tumzike Marilou. Alimwambia Wilmar, mke huna tena, turudi kwetu. Wilmar akamjibu, na Nanay abaki na nani? Mwanamke wa watu akapanda feri peke yake, hata hakuaga.

NINING: Ndiyo ni balaye bado. Mzaa mume na mzaa mke, nyie hamwachani. Nani kakwambia ubalaye unaisha?

PETANG: Hilo Kiingereza wanaliitaje?

NINING: Hawana.

PETANG: Hawana kabisa?

NINING: Hakuna neno. Kwao wazee wa pande mbili si kitu.

PETANG: Maskini ya Mungu.

NINING: Mama mdogo, salio langu linakaribia— umesikia? Mpigie leo, kabla hawajamtia kwenye ndege.

PETANG: Nitaanzia wapi? Alimzaa, nikakaa naye mimi. Ningekuwa yeye ningenitukana.

NINING: Akitukana, mwache atukane, halafu umwombe.

PETANG: Subiri. Kuna kitu kinalia humu sikioni. Ti, ti, ti.

NINING: Kuna simu nyingine inaingia. Angalia jina.

PETANG: Miwani... Imeandikwa "Nanay Surigao". Wilmar ndiye aliyeandika, mimi sijui hizi.

NINING: Ni yeye! Pokea, mama mdogo, pokea!

PETANG: Mikono yangu siisikii.

NINING: Bonyeza kile cha kijani. Utamwambiaje?

PETANG: Nitamwambia aje naye.

NINING: Nani aje?

PETANG: Yeye na mwanawe. Kitanda cha Wilmar kipo, nimekitandika, atalala yeye. Wote wawili nina pa kuwaweka.

NINING: Mama mdo—

PETANG: Haya toka, toka, asije akakata!