Mama Niliyemgeuzia Mgongo

Wazee wa kanisa, shikamooni. Akina mama, na ninyi vijana mliojibana pale mlangoni, hamjambo. Nimeambiwa nisimame nieleze nilivyoacha pombe. Nitaeleza, msiwe na haraka. Ila pombe ilikuja nyuma. Kabla ya pombe kuna mtoto aliyekufa, na mkono wangu umo. Majina sitayataja, hata la kijiji. Ni huko upande wa Shinyanga, na anayejua anajua.

Wakati wa ile vita ya pili ya Wazungu nilikuwa nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wa kijiji. Nikipuliza filimbi asubuhi, kila nyumba inatoa mtu. Leo tunalima kwa fulani, kesho tunapura mtama kwa mwingine, kukiwa na msiba tunazika. Nyumba isiyotoa mtu inatozwa mbuzi, na isipotoa mbuzi inatengwa. Na kutengwa kwetu, ndugu zangu, si mchezo. Husalimiwi. Hupewi moto, na siku zile viberiti vilikuwa vimeadimika madukani. Ukisema hujibiwi, kwa maana anayekujibu naye anatengwa.

Mtasema, huyu alikuwa na moyo gani? Nilikuwa na moyo niliolelewa nao. Nikiwa mdogo, meno ya utoto hayajaisha kung'oka, baba yangu mwenyewe alitengwa kwa sababu hakwenda kwenye mazishi. Mwezi mzima mama alitulisha karanga mbichi na mtama wa kulowekwa. Watoto niliochunga nao ndama walinipa mgongo. Ningejifunza huruma pale, sivyo? Wapi. Nilijifunza kwamba duniani kuna wanaotenga na wanaotengwa, nikaapa kwamba mimi nitakuwa wa wale wa kwanza. Baba aliporudishwa kundini, siku moja nikamwonea huruma mtoto wa nyumba nyingine iliyotengwa. Alinichapa. "Sheria ni sheria," akaniambia, yeye niliyemsikia akilia ndani mwezi ule mzima.

Basi palikuwa na mama mmoja. Mumewe alikwenda kuchimba dhahabu Geita, hakuleta habari wala senti. Alikuwa na binti wa umri wa kuchunga ng'ombe, na mtoto mwingine mchanga, ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Msimu wa palizi mama huyo hakuja mara tatu. Nikamtoza mbuzi, hakuleta. Nikamtenga. Sikwenda nyumbani kwake kuuliza kuna nini. Sheria haikuniambia niulize.

Siku ya nne ya kutengwa alinifuata shambani, mchana kweupe, vijana wote wanaona. Akasimama mbali kidogo akasema, "Mkubwa, mtoto anaharisha, hii ni wiki ya pili. Ndiyo maana sikuja. Nakuomba moto tu nimpikie uji."

Niliyasikia yote. Nawaambia niliyasikia, nisije nikadanganya hapa mbele ya madhabahu. Nikageuza mgongo, nikaendelea kupalilia. Vijana nao wakageuka, mmoja mmoja. Alisimama pale muda, kisha nikasikia anaondoka.

Mtoto alikufa baada ya siku mbili. Mama alimzika yeye na binti yake tu. Kaburi la mtoto si kubwa, lakini udongo wa mbuga ukilowa unanata kwenye jembe, ikawa kila akichimba kidogo anasimama kulikwangua. Sisi tulikuwa ng'ambo ya korongo, tunaona. Vijana walikuwa wananitazama mimi. Ningesema "twendeni", wangevuka wote. Sikusema. Niliona haya kuvunja mbele yao sheria niliyoisimamia mwenyewe. Haya tu, ndugu zangu, hakuna kingine. Siku chache baadaye mama yule alihama.

Na hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Mkuu wetu wa kijiji alinipa kibuyu cha pombe, akaniambia nimekishika kijiji vizuri. Nikakinywa chote. Nilianza kulewa hapo, na mwaka wa pili nikakimbilia mgodini Geita, nikidhani chini ya ardhi nitasahau.

Sikusahau. Miaka mingi nililewa, nikagombana na watu, zamu zangu nikazikosa. Kisha jiwe likaniangukia mguu. Aliyenihudumia ni mwenzangu wa kambini, Mwislamu kutoka Tabora, ambaye nilikuwa nimemtukana mara nyingi. Aliniogesha, akaniletea uji, akanitoa nje kujisaidia kwa kunibeba mgongoni. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Ndugu yangu, unajisumbua nini? Mimi si kabila lako wala dini yako."

Akacheka. "Kwetu tulilelewa hivyo. Bibi yangu angesikia nimekuacha, angenitandika."

Hapo nikalia. Nikamweleza habari yote ya yule mama. Nilitazamia aniambie pole. Yeye akasema, "Sasa mimi unaniambia ya nini? Mtoto hakuwa wangu."

Mguu ulipopona niliacha pombe. Msinipigie makofi. Niliacha kwa sababu ulevi ndio uliokuwa unanipa udhuru wa kutokwenda. Nikaulizia, nikaambiwa mama yule anaishi kwa kaka yake, upande wa Runzewe. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikapiga magoti, nikasema nimekuja kuomba msamaha. Hakuacha kupepeta.

"Ile sheria bado ipo?" aliniuliza.

"Ipo."

"Basi hujaja bado. Nenda."

Nikarudi kijijini nilikotoka. Misimu miwili nilisimama kwenye baraza kusema nyumba isitengwe kabla ya kuulizwa. Walinicheka. Mzee mmoja akasema, "Baba yako alitengwa, mbona hakufa?" Ikatokea nyumba nyingine imetengwa, nikawapelekea moto, nikatengwa na mimi. Nilikula karanga mbichi tena, na mvi hizi kichwani. Mpaka siku moja, barazani, akasimama mmoja wa vijana wangu wa zamani, sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Akasema, "Mimi nilikuwa ng'ambo ya korongo siku ile. Nilikuwa nangoja neno." Akasimama mwingine, na mwingine. Wakapatana kwamba nyumba haitengwi mpaka watu wawili waingie ndani waone kuna nini.

Namshukuru yule Mwislamu wa Tabora aliyekataa kunipa pole. Nawashukuru wale waliosimama barazani. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikunjwa vibaya, nikakauka hivyo hivyo, nikaita ule mkunjo sheria. Ninyi wazazi, angalieni mnavyowakunja watoto wenu, maana kesho ndio watakaokaa barazani. Na mtu akikosa kuja, hata hapa kanisani, msianze na mbuzi. Nendeni mkaulize.

Nilirudi kwa yule mama mara ya pili, nikamkuta tena na ungo wake anapepeta. Sikuomba msamaha tena. Nilimweleza tu lililoamuliwa.

"Wawili wanaingia mpaka ndani?" akauliza.

"Mpaka ndani."

"Wakikuta mtoto anaumwa?"

"Wanaleta moto, na uji wanapika wao."

Akaweka ungo chini. Akakaa. Kisha akanitajia jina la mtoto wake, polepole, akanitaka nilirudie ili ajue nimelisikia. Nililirudia. Wakati wote ule, ndugu zangu, sikuwa nimewahi kuuliza mtoto yule anaitwa nani.