Weldon Kipngetich na Mkono Uliomvua Oksijeni

Waombolezaji wenzangu, kabla sijasoma mniapie, kila mtu kwa mdomo wake, kwamba nitakayosema hayatavuka geti hili, kwa sababu mimi Tecla, shangazi wa marehemu, niliapishwa nisiseme, na sasa nasema.

Marehemu Weldon Kipngetich alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 kule Sotik, akasoma hadi darasa la saba, akaandikwa kazi ya utingo kwenye lori la majani chai mwaka wa 1976, akamwoa Fancy kanisani tarehe 12 Desemba 1981, ingawa mama mkwe alinuna mpaka keki ikaisha, na Mungu akawapa watoto watatu.

Tarehe 17 Juni 1996, asubuhi, lori lilipinduka njia ya kiwandani, likamlalia mguu hadi alasiri, na hospitalini daktari alipoufungua mshipa, damu ikarudi, mguu ukapata joto, tukapiga vigelegele, naye akatunyamazisha, akasema mguu uliokosa damu hutengeneza sumu, damu ikirudi huibeba hadi kwenye mapafu, yakafura na kujaa maji, kwa hiyo sasa wanalinda mapafu, asivuliwe oksijeni, asilazwe chali, asinyweshwe kitu, hata akituomba.

Muuguzi Dolphine, msichana wa kutoka upande wa ziwa, alituambia hayo tena, kisha akaenda kuchukua dawa, ndipo Aron, kaka mkubwa wa marehemu, akaupapasa mguu, akasema huyu amepona, ndugu yake si ndama wa kufungwa mdomo asinyonye, akamvua oksijeni, akamlaza chali, akamnywesha mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, nami nilipopiga kelele akaniapisha, eti shangazi, ukisema, kwangu usikanyage tena. Dolphine aliporudi midomo ya Weldon ilikuwa imegeuka rangi, mapovu yanamtoka, yeye na madaktari wakahangaika naye bure, akakata roho tarehe 18 Juni.

Tangu hapo Aron anazunguka masoko akisema muuguzi ndiye aliyeua, msichana amesimamishwa kazi, kesho anaitwa na wakubwa wake ajibu, na leo amekaa pale nyuma, amejifunika leso, na ninyi wenye birika zote hizo hamkumpa hata kikombe. Hamna haya!

Tunawashukuru madaktari, majirani waliopika, wenzake wa kiwandani waliobeba kuni, na wewe Dolphine mbele ya wote. Weldon, mtoto wangu, lala, kifua chako hakina mzigo tena.

Na mbona kipaza sauti kinakwaruza? Msinitazame mimi, tazameni hapa nyuma yangu kwenye betri: Aron amepiga magoti na suti yake mpya, waya uko mkononi. Haya, Aron, chomoa, watu wote wanakuona.