Mwalimu Tuneya na Darasa Lililoitikia

Wasikilizaji wapendwa, popote mnaponisikia, Garsen mjini, Kulesa mashambani, Wenje kando ya mto, na nyinyi wa Bangale mlioweka redio juu ya gunia la sukari dukani, nawasalimu. Ni mimi Dama Kenga. Vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, chakula hakitakimbia.

Leo tunamkumbuka Mwalimu Tuneya Shee. Amefariki wiki iliyopita, kwao Wenje, akiwa mzee wa miaka tisini na ushei. Wengi wenu mlimjua kama babu wa bakora na kofia nyeupe. Lakini kabla ya bakora kulikuwa na chaki. Mwalimu Tuneya alifundisha Kiingereza darasa la wakubwa, hapa karibu na Garsen, katika miaka ya hamsini.

Nasema darasa la wakubwa, na walikuwa wakubwa kweli. Siku hizo mtu alianza shule akiwa ameshachunga ng'ombe miaka. Alipofika darasa la mwisho ana ndevu, na wengine wameshaposewa. Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana, mwembamba, amewapita wanafunzi wake umri kidogo tu.

Kila siku mambo yalikuwa yale yale. Asubuhi, kusoma kwa sauti, kitabu kimoja watu watatu. Halafu maneno mapya ubaoni. Halafu imla. Mchana, insha. Na jioni kila mtu anakwenda na kazi ya nyumbani, insha nyingine, ukurasa mzima. Mada zilitoka kitabuni. Andika juu ya safari ya treni. Andika juu ya theluji. Theluji, jamani! Watu wa Garsen! Mvua yenyewe tunaiomba kwa dua.

Basi insha zilikuwa mbovu. Mwaka uliotangulia, karibu darasa zima lilianguka Kiingereza katika mtihani wa mwisho. Na aliyeanguka Kiingereza hakuwa na pa kwenda tena, hata kama hesabu alizimeza zote.

Katika darasa hilo alikuwemo Galma Huka, mtoto wa wafugaji, Waorma wa upande huu wa mto. Galma alikuwa mrefu, mpole, na kimya mno. Hesabu alijua. Kusoma alijua. Insha, hapana. Kila asubuhi alileta karatasi ina jina lake juu, na chini yake nyeupe pe! Labda mstari mmoja. Siku akijitahidi, miwili.

Na Galma alikuwa na lake lililomkaba. Baba yake, Mzee Huka, alikuwa amesema wazi mbele ya jamaa zake wote. Kijana amalize mwaka huu. Akifaulu, aendelee. Akianguka, arudi kwa ng'ombe, na habari ya shule isitajwe tena nyumbani kwake. Kumbukeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Akianguka Kiingereza, shule imekwisha.

Mwalimu Tuneya alimwona Galma mvivu. Alimsimamisha nyuma ya darasa. Alimnyima mapumziko. Kuna mwenzake mmoja, Uledi, mtoto wa wakulima wa Kulesa, ulimi wake kama kengele, alikuwa akimcheka. "Galma amekula kalamu!" Darasa likaangua kicheko. Galma aliinamisha kichwa tu.

Mwisho Mwalimu akachoka. Akasema, nitakwenda kwa baba yake nimshitaki. Jumapili moja mchana akashika njia, akatembea mpaka manyatta ya Mzee Huka. Alifika na mavumbi mpaka kwenye nyusi. Akakaribishwa vizuri, akapewa maziwa kwenye kibuyu. Akayanywa huku maneno yake ya mashitaka ameyapanga kichwani, yamekaa tayari.

Kabla hajafungua mdomo, Galma akatokea. Alikuwa ametumwa tangu juzi kutazama malisho ya mbali. Huo ulikuwa mwisho wa juma, shule hakuna. Mwalimu akataka kusimama aanze. Mzee Huka akamwonyesha kwa mkono, kaa kwanza. Pale kwao, mtu akitoka safari haulizwi jambo lingine lolote kabla hajatoa habari.

Mzee Huka akamwambia mwanawe, "Haya. Habari."

Galma akaketi, akaanza. Mwalimu Tuneya alikifahamu Kiorma cha kutosha, maana kwao Wenje walibadilishana mahindi na maziwa na Waorma tangu enzi za babu. Akasikiliza. Galma alianza pale alipotoka. Akaeleza njia. Majani ya upande huu yamekauka, ya bondeni bado. Baba akaitikia, "Hee." Kisima kina maji lakini yameingia chumvi. "Hee." Amekutana na jamaa fulani, ng'ombe wao wana kikohozi. "Hee." Nyayo za simba zimekatiza njia, za jana si za leo. "Hee." Mawingu yalikuwa mashariki, yakatawanyika. "Hee." Hakuruka kitu. Hakurudia kitu. Kila jambo lilikaa mahali pake, na kila jambo baba akalipokea ndipo likafuata lingine.

Mwalimu kibuyu kikabaki mkononi. Yale mashitaka yote yakamtoka kichwani.

Mzee Galma yupo hai, wasikilizaji wapendwa. Anaishi Bangale, nilimfuata mwenyewe kwa ile barabara yetu, mgongo bado unanidai. Akaniambia hivi: "Mwalimu aliniuliza, 'Galma, mdomo huu ulikuwa wapi? Mbona mimi huniandikii hivi?' Niliogopa. Nikamwambia ukweli. 'Mwalimu, karatasi haiitikii.'"

Karatasi haiitikii.

Mzee Huka akacheka mpaka machozi. Akasema, "Mwalimu, kijana ana haki. Kwetu ukimpa mtu habari naye kimya, unanyamaza. Labda hataki. Labda amekasirika. Wewe unampa karatasi imekaa kimya tu, na unataka aendelee?"

Mwalimu Tuneya alirudi Garsen bila kumshitaki mtu. Njia nzima aliona haya, na haya hiyo hakuificha. Alimsimamisha kijana nyuma ya darasa wiki baada ya wiki, kumbe kijana alikuwa anangojea mtu amwitikie!

Jumatatu aliingia darasani akakifunga kitabu. Akasema treni imeondoka, theluji imeyeyuka. Kuanzia leo kazi ya nyumbani ni moja. Tembea na macho wazi. Kesho ulete habari.

Na hivi ndivyo darasa lilivyokwenda kila siku kuanzia hapo. Asubuhi wawili wawili. Mmoja anatoa habari kwa Kiingereza, mwenzake anaitikia kwa Kiingereza, "Yesi." Asiyeelewa haitikii. Akikaa kimya, msemaji anarudi nyuma anasema vizuri zaidi. Mchana habari ile ile inaandikwa. Pale mwenzako alipoitikia, hapo sentensi yako imekwisha. Mwalimu anapita katikati ya madawati, sikio huku, sikio kule, maneno yasiyojulikana anayaandika ubaoni.

Galma alipewa nani wa kumwitikia? Uledi! Yule yule wa kengele. Siku ya kwanza Uledi aliitikia kwa mzaha. Siku ya pili Galma akaleta habari ya fisi aliyeingia zizini, na Kiingereza chake kikamwishia fisi akiwa mlangoni. Uledi akapandisha sauti, "Halafu je? Sema, bwana, halafu je?" Mwalimu akamkumbusha aseme kwa Kiingereza. Wakalitafuta neno wote wawili mpaka fisi akatoka. Tangu siku hiyo hawakuachana.

Ukurasa ukajaa. Kurasa mbili zikajaa. Mzee Galma anasema mama yake aliuliza kwa nini siku hizi anatazama kila kichaka kama amepoteza shilingi.

Sasa mtihani. Hapa ndipo roho zilipokuwa juu, ya mwalimu na ya mwanafunzi. Chumba cha mtihani hakina mwenzako. Msimamizi ametoka mbali, uso mkavu, hataki hata chafya. Nani ataitikia? Asubuhi ile Mwalimu aliwakusanya nje, akawaambia, "Mimi sitaruhusiwa kukaribia. Nitakaa kule ng'ambo ya uwanja, ukutani kwa stoo. Kila mtakapomaliza sentensi, jueni nimeitikia."

Wakaingia. Galma akafungua karatasi. Insha ilikuwa juu ya safari uliyowahi kufanya. Akaandika jina lake juu, akaishia hapo. Kimya chumba kizima. Kimya kile kile cha karatasi. Akaona ng'ombe wanamwita nyumbani. Akainua macho dirishani.

Kule mbali, kwenye kivuli cha stoo, palikuwa na shati jeupe, na juu ya shati kichwa kinatikisika. Chini, juu. Chini, juu. Peke yake.

Galma akaandika sentensi ya kwanza.

Bi Arafa, binti wa Mwalimu, ameisikia hadithi hii tangu utotoni. Anasema mpishi wa shule alitoka na ndoo, akamwona Mwalimu anaitikia hewa. Akamuuliza, "Mwalimu, una kizunguzungu? Nikuletee uji?" Mwalimu akamjibu bila kuacha kutikisa kichwa, "Usiniharibie, nipo darasani." Alitikisa kichwa mpaka karatasi zikakusanywa. Siku mbili shingo haikugeuka, mkewe akawa anamkanda kwa mafuta ya simsim.

Matokeo yalikuja na lori la barua. Galma alifaulu. Uledi alifaulu. Karibu darasa zima lilifaulu, ilhali lile la mwaka uliotangulia lilianguka. Mzee Huka alipopewa habari alimfanya mwanawe aanze upya tangu mwanzo, yeye akiitikia moja moja, ndipo akasema, "Nenda basi." Galma akaenda, akasoma, akarudi kuwa mwalimu huko Bangale. Amefundisha watoto wa watu mpaka akastaafu, na kila asubuhi aliwaweka wawili wawili.

Wasikilizaji wapendwa, wiki iliyopita Mzee Galma alipata ujumbe kwamba mwalimu wake hajiwezi. Akapanda gari, naye mwenyewe miguu ni ya kubembeleza. Akafika Wenje baada ya sala ya alasiri. Mwalimu alikuwa hajasema neno siku kadhaa. Bi Arafa alikuwepo, na haya ni maneno yake:

"Mzee Galma alikaa kitandani kwa baba, akamshika mkono. Akaanza kumpa habari, kwa Kiingereza. Ametoka Bangale. Barabara mbaya. Mvua imenyesha huko, majani yameota. Baba akafungua macho. Akasema, 'Yesi.' Sikuamini. Mzee Galma akaendelea, wajukuu wanasoma. 'Yesi.' Uledi alitangulia mbele ya haki, alikuwa akikutaja. Baba akaitikia kwa midomo tu. Halafu hakuitikia tena. Nilijua. Nilitaka kupiga ukelele. Mzee Galma hakunyamaza, macho yamejaa machozi, anasema tu, maana habari kwao haikatwi katikati. Nikaona haifai asiwepo wa kumwitikia. Nikaitikia mimi. 'Yesi.' 'Yesi.' Mpaka akafika mwisho, akasema, 'Asante, Mwalimu.'"

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Bi Arafa, ndugu zako, na wote wa Wenje, poleni sana. Mzee Galma, pole, baba. Mwenyezi Mungu amrehemu Mwalimu Tuneya Shee, amlaze pema. Tunamshukuru. Mimi binafsi namshukuru, na sikuketi hata siku moja darasani kwake.

Nanyi mnaonisikia, ninalo ombi. Jioni ya leo atakuja mtu nyumbani kwako, ametoka shuleni, ametoka shambani, ametoka malishoni. Mwambie, haya, habari. Halafu tulia, umwitikie mpaka amalize.

Mimi hapa nazungumza na kipaza sauti, nacho ni kama ile karatasi ya Galma, kimya tu. Habari yangu imefika mwisho. Kama umenisikia hapo ulipo, niitikie.