Mama Desemba na Tarehe Niliyoiandika Mimi

Baba Paroko, wazee wa ukoo, walimu na majirani, mimi Clemensi Margwe, mume wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya Mwalimu Bernadina Josephati, nami nitajitahidi kutamka kila tarehe kwa usahihi, kwa sababu mtakayoielewa.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 28 Desemba 1981 huko Kansay, mtoto wa nne wa Mzee Josephati Tarmo na Mama Brigita, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1989 hadi 1995, akiwa mdogo kuliko wote darasani, na wenzake walipocheza mpira yeye alipewa kazi ya kulinda masweta. Alimaliza sekondari Karatu mwaka 1999, akasomea ualimu, na tarehe 1 Julai 2003 akaripoti kazini Olbalbal, ambako alifundisha miaka kumi na mitatu na nusu, akijifunza Kimaasai cha kutosha kutaniana na akina mama kisimani.

Tulifunga ndoa katika Parokia ya Rhotia tarehe 12 Julai 2008, tukajaliwa Isaya mwaka 2010 na Goodness mwaka 2014, na Januari 2017 alihamishiwa hapa Rhotia, akaanzisha timu ya wasichana. Aliwagawa wachezaji kwa mwezi wa kuzaliwa, Januari hadi Juni upande mmoja, Julai hadi Desemba upande mwingine, na walimu wenzake wakamwita Mama Desemba, wakimtania kwamba sasa mpira unachezwa kwa kalenda. Aliniomba mimi, mwalimu wa hesabu, nichunguze orodha za kituo cha vipaji kilichokuwa kikichukua wasichana wetu, nikakuta kwamba kati ya arobaini na wanane waliochaguliwa kwa miaka minne, ishirini na watatu walizaliwa kabla ya Aprili, na wanne tu baada ya Septemba. Aliwaambia wachaguzi kwamba wanachagua miezi ya kukua, si vipaji.

Mwaka 2019 Mama Nosim wa Olbalbal alituletea binti yake Nashipai aishi kwetu na kusoma, siku ambayo Bernadina alikuwa kwenye msiba Kansay, hivyo fomu niliijaza mimi. Nosim alinieleza kwamba mtoto alizaliwa mwaka ule mvua za vuli zilipochelewa na ng'ombe wakapelekwa mbali, nikatambua ni 2012, na kwa kuwa fomu haikukubali pengo, nikaandika tarehe 1 Januari, kama wengi tunavyofanya, na cheti kikafuata fomu. Kumbe Nashipai alizaliwa tarehe 4 Desemba, na Bernadina ndiye aliyempokea mikononi, akiwa ametoka kusahihisha mitihani ya kufunga mwaka.

Tuliligundua kosa Machi mwaka huu 2025, wachaguzi walipomkataa Nashipai wakicheka kwamba wa Januari mwenye kimo kifupi kile ameshamaliza kukua. Marehemu, aliyekuwa amegunduliwa kuwa na saratani tangu Agosti 2024, hakunilaumu hata mara moja, akaandika barua ya kusahihisha cheti, na barua nyingine kwa kituo, nacho mwezi Juni kikakubali kutenga nafasi sita kwa waliozaliwa kuanzia Julai, mradi cheti kithibitishe kabla ya tarehe 30 Septemba.

Alilazwa hospitali ya rufaa mjini Moshi tarehe 19 Agosti, na siku zote aliniuliza kama jibu la cheti limefika, hadi alipofariki Ijumaa tarehe 12 Septemba, saa tatu asubuhi. Jibu lilifika jana, likitaka shahidi asiye mzazi, aliyeona mtoto akizaliwa, afike ofisini mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Rhotia mliobeba maji na kuni, walimu wenzake, na ninyi mliosafiri kutoka Olbalbal pamoja na Mama Nosim. Wasichana wa timu wameomba wasimame kaburini kwa makundi yao mawili, na Nashipai ameniuliza asimame wapi, nikamwambia asimame na wa Desemba.

Bernadina, shahidi wetu pekee, pumzika kwa amani.