Terttu Rytkönen, Aliyewaanzisha Watoto wa Kortesalmi Kwenye Barafu

Leo Jumamosi, tarehe 1 Aprili 2023, tunamsindikiza Terttu Annikki Rytkönen, mama yetu, bibi yetu, na mtu aliyemshika mkono karibu kila mmoja aliyeketi humu kanisani siku yake ya kwanza kwenye barafu. Sisi wajukuu hatutachukua muda mrefu. Marehemu hakupenda hotuba. Hotuba ikinoga yeye alishaanza kutafuta koti lake.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1947 hapa hapa Kortesalmi, mkoani Savo, Finland, mtoto wa nne na wa mwisho wa Kalle na Hilma Pitkänen. Alizaliwa saunani, kama wengi wa wakati ule, maana ndimo mlimokuwa na joto na maji ya moto. Baba yake alisimama nje kwenye theluji akauliza kupitia mlango, "Ni msichana?" Mkunga akajibu, "Inaweza ikawa." Ikabidi mzee asubiri mpaka mlango ufunguliwe ajionee.

Wenzetu wa mikoa mingine wana msemo: mtu wa Savo akifungua mdomo, kazi ya kuelewa ni ya msikilizaji. Wanatucheka, lakini hawatusingizii. Sisi ndivyo tulivyo, na Terttu alikuwa bingwa wetu. Katika maisha yake yote tulimsikia akisema "ndiyo" moja kwa moja mbele ya mchungaji tu, siku ya ndoa yake, na hiyo ni kwa sababu kitabu cha kanisa hakikumpa njia nyingine.

Alisoma shule ya Kortesalmi kuanzia 1954 hadi 1961. Ziwa likishaganda alikuwa anakwenda shule kwa viatu vya kuteleza, mkoba mgongoni. Wakati wa mapumziko wavulana walicheza hoki, wasichana walipewa mafagio wafagie theluji. Terttu alifagia mpaka golini, akabaki humo. Hakuna mvulana aliyetaka kusimama golini kwenye baridi ile, kwa hiyo wakamwachia. Alijifunga magazeti ya kilimo ya baba yake kwenye miguu ili mapigo yasije yakamvunja mifupa. Kaka yake Reino, ambaye tuko naye leo, anasema: "Tulimpiga na kile kisahani cha mpira makusudi, tukijua atalia aende zake. Hakulia, hakwenda. Nikamuuliza, umekasirika? Akasema, huenda. Miaka sitini na kitu sasa, na sijapata jibu."

Mwaka 1962 aliajiriwa kiwanda cha maziwa, na kuanzia 1974 mpaka alipostaafu 2010 alikuwa mpishi wa shule ile ile aliyosoma. Mnamo Januari 1981 mwalimu mkuu aliingia jikoni akauliza kama kuna mtu wa kuwaangalia watoto wadogo kwenye uwanja wa barafu kwa wiki moja, mwalimu wao ameteguka kifundo. Terttu alikuwa anakoroga uji. Akasema, "Inaweza ikawa yupo." Wiki hiyo moja iliisha mwezi uliopita.

Kuhusu kazi yake ya barafuni lazima tuseme kidogo, maana wengine hapa mna watoto wa miaka minne mitano na mnajiandaa kuharibu mambo. Wazazi huja siku ya kwanza na gongo jipya la hoki na mtoto aliyefungwa nguo kama gunia la viazi. Terttu alikuwa na pipa mlangoni mwa ukumbi wa barafu, na magongo yote yaliishia humo. Alisema mtoto akipewa gongo mapema analifanya mkongojo. Atajifunza kuegemea badala ya kusimama. Viatu vikubwa "ili akue navyo" alivirudisha begini bila maneno, akamtolea mtoto vinavyomkaa kutoka kabati la viatu vya waliomtangulia. Kisha aliwafundisha kuanguka. Kwa magoti, kwa ubavu, kwa makalio. Walianguka mpaka ikawa mchezo, wakabaki wanacheka. Baada ya hapo alitawanya kwenye barafu glavu zilizosahauliwa na watoto wa miaka ya nyuma, kila moja bila mwenzake, akasema, "Kuna vitu vya watu vimelala kule." Basi. Watoto walitambaa, wakasimama, wakavifuata. Walikuwa wanatafuta glavu. Kuteleza kulikuja kwenyewe.

Na wazazi hakuwataka pembeni. Hakumfukuza mtu, hilo hapana. Alisema, "Kahawa imeshachemka huko ndani, nadhani." Kila mtu wa hapa alijua maana yake, akaondoka mbio. Baba mmoja aliyehamia kutoka Helsinki, na ambaye hatutamtaja kwa sababu tunamwona kutoka hapa, alijibu, "Asante sana mama, mimi sinywi kahawa," akaendelea kumpigia mwanawe kelele, kunja magoti, inua kichwa, sukuma! Terttu alimtazama, akafikiri, akasema, "Hata chai ipo." Ilimchukua bwana yule msimu mzima kuelewa. Sasa ni yeye anayechemsha hiyo kahawa.

Alifunga ndoa na marehemu Urho Rytkönen, dereva wa lori la magogo, tarehe 21 Juni 1969. Tusiiruke hadithi ya posa. Urho alimkuta Terttu gatini anasafisha samaki, akazunguka zunguka, mwisho akasema, "Nyumba yangu ina vyumba viwili. Kimoja hakina mtu." Terttu akasema, "Vyumba huwa hivyo." Urho akaenda nyumbani na huzuni, akamwambia mama yake amekataliwa. Jumapili ya pili yake mchungaji akatangaza ndoa kanisani, bwana harusi akiwa kiti cha nyuma kabisa, hana habari. Terttu alikuwa ameshapeleka majina. Alipoulizwa alisema, "Si nilikubali?" Waliishi pamoja miaka arobaini na minne, hadi Urho alipofariki 2013, na walijaliwa watoto watatu: Ilpo, Tuija na Jarkko. Urho hakujua kuteleza mpaka anakufa. Alisema nyumba ikiwa na kichaa mmoja inatosha.

Sasa ugonjwa. Oktoba 2022 marehemu alikutwa na saratani ya kongosho, hospitali ya Kuopio. Daktari alikuwa kijana kutoka magharibi mwa Finland, alimweleza wazi kwamba haitapona na kwamba msimu huu wa baridi ni wa mwisho. Terttu alimshukuru. Kwenye gari alimwambia Tuija, "Yule kijana ana haraka." Akaomba apitishwe uwanjani, maana ilikuwa Ijumaa na glavu zilitakiwa kukaushwa kwa ajili ya asubuhi.

Msimu huo kulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyemhusu kuliko wote: Venla, mjukuu wake wa mwisho, binti wa Jarkko, mwenye miaka mitano wakati huo. Ndiye aliyekuwa amebaki. Wajukuu wengine wote tulishapita mikononi mwake. Tangu Septemba Venla alienda vizuri. Alianguka vizuri, aliokota glavu, alivuka nusu ya uwanja akishikwa mkono. Ikafika Krismasi. Baada ya Krismasi akagoma. Alivaa kila kitu, helmeti, viatu, akaketi kwenye benchi la pembeni, na hakuna aliyeweza kumtoa. Jumamosi baada ya Jumamosi.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Ilpo alisema ni uvivu. Jirani akasema viatu. Mjomba Jarkko aliahidi pipi, kisha mbwa, kisha alipandisha sauti. Mjomba, tusamehe, lakini ulipandisha, na programu ya ibada yenye maneno haya imeshachapishwa. Tunajua kwa nini. Ulitaka mama yako amwone mwanao akivuka peke yake, goli hadi goli, kabla muda haujaisha. Na Terttu mwenyewe alilitaka hilo. Hakulisema, lakini kila Jumamosi, kwa nguvu zilizopungua, aliomba apelekwe, akafunikwa blanketi, akakaa anaangalia lile benchi.

Jumamosi tarehe 11 Februari, siku mbili baada ya kutimiza miaka sabini na sita, alimwambia Jarkko kwamba kahawa imechemka. Jarkko akaenda. Terttu akasogea akakaa kwenye benchi pamoja na Venla. Tuija alikuwa amepiga magoti hapo karibu akimfunga mtoto mwingine kamba za viatu, na haya tunayoyaandika ni aliyoyasikia yeye.

"Benchi hili lina baridi," Terttu alisema.

"Ndiyo," akasema Venla.

"Kule kati kuna glavu nyekundu. Inaweza ikawa ya mtu."

"Ni yangu. Niliitupa mwenyewe. Siifuati."

"Kuanguka je, kunatisha?"

"Bibi! Kuanguka najua. Si ulinifundisha wewe?"

Venla akaangalia mlango alikopita baba yake, kisha akasema chini chini, "Wakati wa Krismasi baba alimwambia shangazi kwamba unasubiri tu nivuke peke yangu, halafu unaweza kuondoka. Sasa mimi sivuki. Nisipovuka huondoki."

Shangazi aliyeambiwa ni Tuija huyo huyo.

Hapo ndipo kusema kwetu kwa kuzunguka kulipotufikisha. "Kuondoka." Hakuna mtu mzima katika familia hii aliyekuwa amelitamka neno lenyewe mbele ya mtoto. Venla alipomuuliza bibi yake kama anaumwa, bibi alimjibu, "Inaweza ikawa, inaweza isiwe." Kazi ya kuelewa tulimwachia msikilizaji, na msikilizaji alikuwa na miaka mitano. Alielewa alivyoweza, na kwa wiki zote zile alikaa kwenye baridi akimshikilia bibi yake asife.

Tuija anasema mdomo wa Terttu ulishaanza kujipanga kwa lile jibu la siku zote. Kisha akasema:

"Hapana. Nisikilize, Venla. Mimi naumwa na sitapona. Nitakufa kabla ziwa halijayeyuka. Ukivuka, nitakufa. Usipovuka, nitakufa vile vile. Si wewe unayeamua. Si miguu yako."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Venla akalia. Terttu hakumwambia anyamaze. Alimfunika upande mmoja wa blanketi, wakakaa. Baadaye mtoto akauliza, "Lakini unataka nivuke?"

"Nataka sana," Terttu akasema. "Lakini kutaka kwangu ni kwangu. Ukitaka, nenda. Usipotaka, kuna juisi."

Venla alifikiria. Akachagua juisi.

Wakaenda kunywa juisi, wawili, mmoja kwa viatu vya kuteleza, mwingine kwa mkongojo. Jarkko alipoambiwa yaliyosemwa alitoka nje akakaa kwenye gari mpaka kioo kikajaa ukungu. Aliporudi alimbeba Venla, akamwomba msamaha, na hakumtajia tena barafu.

Mwisho wa Februari marehemu alilazwa wodi ya Iisalmi. Venla alimtembelea na kumuuliza maswali ambayo sisi wakubwa hatukuthubutu: inauma wapi, utavaa nini kaburini, unaogopa? Alijibiwa yote waziwazi. Hapa. Gauni la bluu. Kidogo, usiku. Wauguzi walidhani mama huyu hatoki Savo.

Terttu Annikki Rytkönen alifariki Alhamisi, tarehe 16 Machi 2023, saa mbili asubuhi, Tuija na Jarkko wakiwa kando ya kitanda. Ziwa lilikuwa bado limeganda. Hakumwona Venla akivuka uwanja. Wapo watakaowaambia kwamba ameona kutoka juu. Hilo tunamwachia mchungaji. Tunachokijua ni kwamba alikuwa na nafasi ya kuliomba na mtoto angelifanya kwa ajili yake, na hakuliomba.

Marehemu ameacha kaka yake Reino; watoto wake Ilpo na mkewe Sirkku, Tuija na mumewe Arto, na Jarkko na mkewe Jonna; wajukuu saba; kitukuu mmoja, Eeli, ambaye bado ananyonya; na watoto wa Kortesalmi ambao idadi yao hakuna aliyewahi kuiandika.

Katika wajukuu saba, wa mwisho ni Venla. Jumamosi ile, tarehe 18 Machi, siku mbili baada ya msiba, baba yake alimwambia kwamba leo si lazima kwenda popote. Venla akasema, "Bibi ameshakufa. Alisema si mimi. Twende." Uwanjani aliwekwa barafuni, akaanza. Katikati alianguka kwa ubavu, kama alivyofundishwa, akainuka, akafika. Jarkko alikuwa amesimama pembeni, akimtazama tu. Mtoto akashika mlingoti wa goli la upande wa pili, akageuka, akapaza sauti ukumbi mzima ukamsikia:

"Nirudi?"

"Ukitaka," baba yake akasema.

Akarudi.

Mungu ampokee Terttu, ampe pumziko, na amani ikae naye daima. Amina.